Kazi Isiyo na Kiti

Mwantum aliporudi kutoka Nairobi na masta yake ya kuuguza mahututi, hospitali haikujua imweke wapi. Daktari si daktari. Mkuu wa wauguzi alikuwepo tayari, mama Daphrose, na hakuwa na mpango wa kustaafu. Wamrudishe kuwa muuguzi wa kawaida, basi masomo yote yale alikwenda kuyatafutia nini? Wakampa mwezi mmoja wa majaribio kwenye reanimasio, chumba cha wagonjwa walio kati ya huku na kule. Mwisho wa mwezi daktari Anselme, mwenye chumba hicho, angesema kama kazi ya Mwantum ipo au haipo. Isipokuwepo, kulikuwa na hospitali Kigali iliyokuwa inamngoja, na ilikuwa inampigia simu kila mara.

Mimi ni baba yake mkubwa, Tajudini. Nimesukuma malori mpaka Lubumbashi, nimeuza ndagala Kalemie, nimekaa Kigoma, nimekaa Mwanza. Shule niliisoma vipande, darasa hapa, darasa kule, na vipande vingine sikuvipata kabisa. Ndiyo maana nilitaka kuelewa mtoto wetu amesoma nini. Nikamuuliza nyumbani Buyenzi, mtaa wetu wa Waislamu, akiwa anapiga pasi blauzi yake.

"Niambie muzuri, nikiulizwa pa musikiti nijibu. We sasa ni dokta mudogo?"

"Apana, baba mukubwa. Ni infirmière spécialiste, muuguzi bingwa."

"Wauguzi si wako wengi pale?"

"Wako. Kila mugonjwa ana muuguzi wake, na dokta anamutafutia dawa. Mi naangalia ile inarudia. Kama wagonjwa wanaumia fasi moja, leo huyu, kesho yule, natafuta sababu, nafundisha wenzangu, tunabadilisha namna ya kufanya. Na mugonjwa akiwa muzito sana, wananiita."

"Kama fundi anayeitwa na mafundi."

"Ile ile."

"Na kiti chako kiko wapi?"

Akacheka, akageuza mkono wa blauzi. "Kiti sina. Mama Daphrose anafikiri nataka yake. Mi nataka kazi, kiti abaki nacho."

"Na Kigali?"

"Kigali ni kuzuri. Lakini watu wanaokufa kwa ujinga wetu wako huku."

Aliongea bila wasiwasi, kama mtu anayejua mvua itanyesha.

Mwezi ukaenda. Kila asubuhi alipita kitanda hadi kitanda, anauliza wauguzi maswali, anawaonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumchubua mgongo. Vijana walimpenda. Mama Daphrose alimwita "mwana wa Nairobi" na kumtuma kuhesabu mashuka.

Mwisho wa mwezi ukiwa unakaribia, rafiki yangu Massoudi akaletwa pale. Massoudi ni fundi wa gia, Buyenzi nzima inamjua kwa kelele zake. Mapafu yalikuwa yamejaa, hewa haipiti. Wakamlaza, wakamvika barakoa ya oksijeni yenye mrija mrefu unaotoka ukutani. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, lazima awe na mtu wake wa kumlinda. Tukawa tunapokezana, mimi na kijana wake Amissi. Siku zikapita kidogo, Massoudi akaanza kuitikia salamu kwa nyusi. Daktari akasema hali yake inapanda.

Sasa, katika chumba kile kulikuwa na paravani, ile fremu ya kitambaa cha kijani wanayozungushia kitanda. Hakuna aliyetuambia maana yake. Lakini sisi walinzi wa wagonjwa, kule kwenye korido, tuliijua wote. Nimeona ikizungushwa kitanda cha mama mmoja wa Ruziba, na mama yule akatoka amefunikwa uso. Nikaiona tena kwa kijana wa Cibitoke, hivyo hivyo. Paravani ikifika, jamaa wanaanza kupigia simu ukoo.

Siku moja baada ya alasiri nilitoka kutafuta chai. Nyuma yangu muuguzi mmoja akaizungusha paravani kwa Massoudi. Mwantum mwenyewe alikuwa amewafundisha asubuhi kwamba mgonjwa akioshwa lazima asitirike, na muuguzi yule alikuwa ametii. Akamfunika kitenge kilichoning'inia mpaka chini, akaenda kufuata maji ya moto.

Amissi akaingia, akaona kijani.

Hakumuuliza mtu. Ungeuliza nini? Alifanya kile mtoto wa kiume wa Buyenzi anafanya baba yake akiwa anakwenda: akafungua breki ya kitanda, akakisukuma polepole mpaka miguu ya mzee ikaelekea kibla, akafunga breki, akainama sikioni na kuanza kumsomea shahada.

Niliporudi mashine ya kupima hewa yake ilikuwa inalia. Mama Daphrose alikuwa anaifuta skrini kwa kiganja kama vile uchafu ndio unaosumbua. Daktari Anselme alikuwa ameshika kifua cha Massoudi, anasikiliza, jasho linamtoka.

"Hewa inashuka. Oksijeni iko wazi ukutani?"

"Iko wazi mpaka mwisho, Docteur!"

"Basi ni pafu limefunga. Tayarisheni mashine ya kupumulia, tunamuingiza mupira kwa koo."

Mwantum akafika mbio kutoka chumba cha pili. Hakutazama mashine. Alitazama kitanda, namna kilivyokaa mshazari, pembe moja imekaribia dirisha. Wengine wote walikuwa wamekiona na hakikuwaambia kitu. Wangedhani mfagiaji amekisogeza. Yeye amekulia katika nyumba za Buyenzi, ambako anayekufa huelekezwa kibla.

"Amissi, umemuelekeza baba?"

"Nimemuelekeza," Amissi akasema, analia.

Mwantum akashika mrija pale kwenye barakoa, akaufuata kwa vidole, shingoni, ubavuni, chini, akapiga magoti na kuinua kitenge.

"Docteur, gurudumu! Inueni kitanda, wote!"

Tukainua kitanda, mimi na daktari upande mmoja, Amissi na mama Daphrose upande wa pili. Gurudumu lilikuwa limekaa juu ya mrija kama tairi juu ya nyoka. Mwantum akauvuta. Tukasikia hewa inapita. Namba kwenye mashine zikaanza kupanda, na Massoudi akafungua macho, akamwona mwanawe analia.

"We," akasema ndani ya barakoa, "garage umeachia nani?"

Tulicheka wote, kwa hofu iliyokuwa inatoka.

Lakini kwenye korido daktari Anselme hakuwa anacheka tena. "Kuanzia leo famille haingii. Mulango unafungwa."

"Ndiyo, ufungwe," mama Daphrose akadakia. Akamgeukia Mwantum. "Ama utatetea watu wa Buyenzi wenzako?"

"Nitawatetea, mama. Na wewe nitakutetea." Sauti yake haikupanda. "Tuanze na kosa yangu. Nilifundisha paravani ya kuogesha, sikuuliza kwanza hapa inamaanisha nini. Mama, ulikuwa unaiweka wakati gani?"

Mama Daphrose akajibu. "Kwa anayekwenda. Asifie mbele ya macho ya watu. Ni heshima."

"Ni heshima kweli, na haitaondoka. Lakini famille wameisoma, sisi hatukujua wanaisoma. Docteur, ukifunga mulango, mrija utabaki palepale chini. Kesho mufagiaji ataukanyaga."

"Unataka nini?"

"Nipe vitanda. Tuvigeuze vyote sisi wenyewe, mara moja, vielekee kibla, mutu asiguse breki tena. Mrija ufungwe kwa chuma ya kitanda, usiguse chini. Anayeingia kazini aufuate kwa mukono, mudomoni mpaka ukutani, kabla ya kuangalia mashine. Paravani iwe ya kila mutu, kila siku, na mama Daphrose aambie famille kabla ya kuiweka. Wanamuamini yeye kuliko mi."

Mama Daphrose akarekebisha kilemba chake.

"Na Wakatoliki?" daktari akauliza. "Tutalala tunaangalia Maka?"

"Mutalala munaangalia dirisha, Docteur. Kuna ubaya?"

Daktari akafikiri. "Apana. Sasa hivi tunaangalia choo."

Wakaniita mimi niwaonyeshe kibla. Hiyo ndiyo elimu ambayo barabara imenipa bila kukatiza: kila mji nilioshuka, kabla ya kuuliza chakula, niliuliza kibla. Nikasimama katikati ya chumba, nikanyoosha mkono upande wa Cibitoke, nikausogeza kidogo kuelekea milimani. "Hapa."

Jioni ile wakasogeza kitanda cha Massoudi kwanza. Mama Daphrose mwenyewe alishika mrija, akaufuata kwa vidole mpaka ukutani, halafu akawaita wauguzi wake. "Kujeni mufundishwe. Spécialiste hatarudia."

Siku ya kutoa jibu daktari alikuja na maneno machache. "Kazi ipo. Nimeiandikia hivyo direction ya hospitali, na wamekubali. Ila meza sina."

"Ya nini?" Mwantum akasema.

"Chukua meza, mutoto," mama Daphrose akamwambia. "Chai utaweka wapi?"

Simu ya Kigali ilipigwa wiki iliyofuata, Massoudi akiwa ameketi kitandani anawafokea wauguzi kuhusu supu. Mwantum aliipokea akiwa chini ya kitanda cha jirani wa Massoudi, anakaza kifungo cha mrija. Nilisikia upande wake tu.

"Asante sana," alisema. "Nina kazi."