Mlango wa Nyuma wa Kiwanda cha Mito

Ndani ya kiwanda kile kulikuwa na ukungu usioisha. Haukuwa wa mvua wala wa asubuhi; ulikuwa sufi. Ilielea hewani tangu mashine ya kuipigia ilipowashwa mpaka watu walipofunga kazi, ikatua kwenye kope, kwenye nywele na kwenye kingo za vikombe. Mtu akipita katikati ya chumba ilimpisha taratibu, kisha ikajifunga nyuma yake kana kwamba hajapita mtu. Mgeni angedhani anaota. Wenyeji waliishi ndani ya ndoto hiyo siku sita kwa wiki, na ilikuwa ndoto inayowasha koo.

Shangazi ndiye aliyekuwa mjazaji. Kazi yake ilikuwa kuchukua mfuko mtupu wa mto, kutia sufi kwa konzi, kuisukuma hadi kwenye pembe zote nne, kisha kuukumbatia mto kifuani kama mtoto mchanga na kusikiliza. Mizani ilikuwepo mezani, lakini hakuna aliyeikumbuka. Shangazi akisema umetosha, umetosha.

Jina hilo alilipata kwa watoto wa kaka yake, mwenye kiwanda. Watoto walikuwa wakija baada ya shule kumtafuta baba yao, wanaita shangazi, shangazi, na wafanyakazi wakadakia, hata wale waliomzidi umri. Kaka mtu, wafanyakazi walimwita Tajiri, ingawa gari lake lilikuwa haliwaki mpaka lisukumwe, na wasukumaji walikuwa haohao.

Alikuwa amejaza mito kwa miaka kumi na minne. Mwaka wa kumi na moja kikamjia kikohozi, kikavu, kidogo, kama mgeni aliyesema analala siku mbili tu. Kikahamia na mizigo yake yote. Sasa kilikuwa kinamkata maneno katikati, na akipanda ngazi tatu za mlangoni kwake alishika ukuta na kujifanya anatafuta ufunguo.

Siku moja Tajiri alisimamisha mashine kabla ya saa ya chakula, akapanda juu ya robota la sufi akiwa na kijitabu mkononi. Kilitoka kwa kampuni ya mahoteli, mnunuzi wao mkubwa, ambaye vitanda vyake vyote vilitandikwa mito iliyotoka mle.

"Sikilizeni," alisema. "Kampuni imeandika kanuni kwa kila anayeiuzia kitu, awe wa mito, sabuni au nyanya. Asiyezifuata hawanunui kwake tena. Na watatuma mkaguzi."

Akaanza kusoma. Kila mfanyakazi awe na mkataba wa maandishi. Asilazimishwe kubaki baada ya saa za kazi. Hewa iwe safi, na penye vumbi watu wapewe barakoa. Mlango wa dharura usifungwe kwa kufuli wala kuzibwa. Maji ya kunywa yawepo karibu. Mfanyakazi akiulizwa ajibu bila woga, na asiadhibiwe kwa alichosema.

Sauti yake ilipita ndani ya sufi ikawafikia ikiwa laini, kama ya mtu anayesoma chumba cha pili. Walimsikiliza midomo wazi. Yalikuwa maneno mazuri, ya mbali, kama habari za nchi ambako theluji huanguka.

"Hapo kwenye maji rudia, Tajiri," alisema Mama Pacha, mshonaji, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika. "Mito yote hii tunayotengeneza, na bado tuna kiu!"

Kicheko kikalipuka. Hata Tajiri alicheka, lakini alikunja kijitabu mara nne kama mtu anayekunja barua ya mahakama.

Wiki iliyofuata kiwanda kiligeuka. Pipa la maji lenye bomba likawekwa karibu na mlango. Maboksi ya barakoa yakaja. Marobota yaliyorundikwa ukutani tangu enzi yakahamishwa, na nyuma yake ukaonekana mlango wa chuma ambao wafanyakazi wapya hawakujua kama upo. Kufuli lilikuwa limeshikana kwa kutu, ilibidi likatwe. Tajiri akawapitia wote mmoja mmoja, akiwafundisha la kujibu. Barakoa tunavaa tangu lini? Tangu zamani. Mlango huu hufungwa? Haufungwi. Kuna anayeumwa? Hakuna.

Alipofika kwa Shangazi hakumfundisha kitu. Alivuta kibao akaketi karibu naye, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka.

"Dada, kesho usije. Umechoka. Pumzika."

"Kesho si ndiyo siku ya mkaguzi?"

"Ndiyo hiyo."

Shangazi aliukandamiza mto aliokuwa nao. "Kwa hiyo ni mimi ndiye nimechoka, au ni kifua changu ndicho kina maneno mengi?"

Tajiri akatazama vidole vyake. "Ukikohoa mara moja tu, dada, watu ishirini na watatu hawana kazi. Nisaidie."

Alitaka kumjibu, kikohozi kikamwahi. Kilipotulia, kaka yake alikuwa ameshaondoka, na sufi imejifunga nyuma yake.

Asubuhi ya pili alibaki nyumbani kama alivyoombwa. Alifagia, akaosha vyombo, akakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nyumba ilikuwa kimya mno. Kwa miaka kumi na minne masikio yake yalikuwa yamezoea ngurumo ya mashine, na sasa ukimya ulimzungukazunguka kama maji ya uvuguvugu. Jua liliingia dirishani likalala sakafuni. Alikaa kitandani akalitazama, na mwili ukawa mwepesi, hajui kama amesinzia au la. Akaona, au akaota, kwamba kaka yake anambeba kama robota na kumpanga ukutani, na juu yake anapanga wengine, kwa upole, kwa uangalifu, ili asionekane.

Akashtuka. Akavaa viatu, akatoka.

Hakuwa na nia ya kwenda kiwandani. Ni miguu tu iliyojua njia moja. Lakini alipofika kwenye kona ya kiwanda aliona haya kupita mbele, akakata kushoto, akaifuata njia ya miguu iliyopita nyuma ya kuta. Hapo hakuwahi kufika. Palikuwa na uwanja wa majani marefu, mtaro wa maji uliokwenda polepole, na mbuzi mmoja aliyefungwa kamba, akitafuna na kumkodolea macho kama mwenye nyumba.

Mlango wa chuma ulikuwa wazi. Sufi ilikuwa inatoka.

Ilitoka bila haraka, nyuzi kwa nyuzi, ikipanda juu ya majani, ikigeukageuka katika jua. Nyingine ilitua mtaroni ikasafiri. Mbuzi alikuwa na vipande viwili pembeni mwa pembe. Shangazi akakaa juu ya jiwe, mikono mapajani. Aliwaza kwamba yote hii, ile inayomlalia kifuani, ilikuwa ikitafuta mlango miaka yote hiyo, na haikuukuta.

Mwanamke akachungulia kutoka ndani. Alikuwa amevaa barakoa na kubeba ubao wenye karatasi. Akausukuma mlango mbele na nyuma mara mbili, akainama kutazama mahali palipokuwa na kufuli, akagusa chuma palipokatwa. Palikuwa bado panang'aa. Ndipo alipomwona mtu juu ya jiwe.

"Habari za saa hizi, mama."

"Nzuri."

Mkaguzi akashusha barakoa. Alikuwa mtu mzima, mwenye macho ya mtu aliyelala vitanda vingi vya safarini. "Unakaa hapa karibu?"

Hapo Shangazi angeweza kusema ndiyo, na isingekuwa uongo. Angeweza kusema mbuzi ni wake. Alifungua mdomo, na kilichotoka kikawa kikohozi, kirefu, kilichomkunja mpaka paji la uso likakaribia magoti. Alipoinua kichwa, mkaguzi alikuwa amechuchumaa mbele yake, amemshikia mkono, na chupa yake ya maji iko wazi.

"Kunywa taratibu."

Akanywa. Maji yalikuwa ya baridi.

"Unafanya kazi humu ndani," alisema mkaguzi. Haikuwa swali.

"Miaka kumi na minne. Najaza mito."

"Mbona leo uko nje?"

Shangazi alitazama sufi ikipanda. Aliwaza watu ishirini na watatu. Aliwaza Mama Pacha na pacha wake wawili wanaokula kama mchwa. Aliwaza kaka yake aliyekaa kwenye kibao akitazama vidole.

"Kwanza niambie," alisema. "Nikikuambia kweli, mnaacha kununua?"

"Inategemea mwenyewe. Akikataa kurekebisha, tunaacha. Akikubali, tunampa muda na tunarudi kuangalia. Lakini nikiandika kwamba hakuna tatizo, hakuna atakayerekebisha chochote. Nitaondoka, na mlango huu utafungwa kabla vumbi la gari langu halijatulia."

Shangazi akapiga moyo konde. Akasema yote, bila kutia chumvi na bila kumkashifu mtu. Mlango, marobota, barakoa zilizofika juzi. Alisema pia kwamba mwenye kiwanda ni kaka yake wa tumbo moja, kwamba hajawahi kumdhulumu mtu haki yake wala kumnyanyulia mkono, na kwamba ana hofu zaidi kuliko ubaya. "Hilo nalo liandike," alimwambia. Mkaguzi akaandika.

Jioni Tajiri alifika nyumbani kwake. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya chumba, uso umemshuka.

"Umeniuza, dada."

"Ulinificha, kaka."

"Nilikulinda!"

"Ulinificha kama doa. Ungeniambia nikae nyumbani kwa sababu naumwa, ningekushukuru. Umenikalisha nyumbani kwa sababu naonekana."

Tajiri akavuta pumzi ili apaze sauti, pumzi ikagoma. Akageukia ukuta. Shangazi alimsikia akikohoa ndani ya kitambaa, kikohozi kile kile kikavu anachokijua kama anavyojua sauti yake mwenyewe; ila cha kaka yake kilitoka chini zaidi, kama kitu kinachoburutwa. Akasimama polepole.

"Tangu lini?"

"Kabla yako." Alijifuta midomo. "Mimi ndiye nilikuwa naipiga sufi kwa fimbo kabla hatujapata mashine, hukumbuki? Natoka nje nikisikia kinakuja. Nikadhani nikijikaza kitapita. Na wewe ulipoanza, kila ukikohoa nilikuwa nakisikia changu."

Shangazi alimwekea kiti, akamchemshia maji. Wakakaa, watoto wa mama mmoja, wakisikilizana vifua.

Kampuni haikuacha kununua. Ilileta barua yenye mambo saba ya kurekebisha na siku tisini za kuyafanya, na Tajiri akatia saini mbele ya wafanyakazi wote. La kwanza lilikuwa daktari. Alikuja na gari lenye vifaa, akawapima wote, akasema wengi watapona wakivaa barakoa na kupata hewa, ila wawili vifua vyao vimeumia na havitarudi kuwa vipya. Wanaweza tu kutunzwa visizidi kuharibika. Hakukuwa na haja ya kutaja ni nani.

La mwisho lilikuwa feni kubwa yenye bomba la bati, la kufyonza vumbi na kulipeleka kwenye magunia nje. Mafundi waliifunga kwa siku nne. Walipoiwasha, ukungu ulitetemeka, ukaanza kusogea upande mmoja, polepole, kama umati unaoondoka msibani. Watu waliacha kazi wakatazama. Pembe za chumba zikajitokeza. Dari ikajitokeza, na buibui wake.

"Kumbe kuta ni za kijani," alisema Mama Pacha. Hakuwa anatania. Alikwenda akaugusa ukuta kwa kiganja.

Wakatazamana. Mpiga sufi, aliyefanya kazi hatua kumi kutoka kwa Shangazi, alimwambia kwamba hakujua ana mwanya. Naye Shangazi hakujua kwamba mvi za yule ni mvi. Siku zote alidhani ni sufi. Kwa muda walikuwa na haya, kama watu walioamshwa pamoja katika chumba kimoja, kisha mtu akacheka, na kazi ikaendelea.

Shangazi alihamishiwa kwenye meza ya kushona, karibu na dirisha. Alimfundisha mwingine kujaza. Ilimchoma moyo kuona mikono isiyo yake ikikumbatia mito, na siku za mwanzo alikuwa akinyanyuka kwenda kuikagua bila kuombwa. Kikohozi kilipungua, hakikuondoka. Ngazi tatu za nyumbani sasa alizipanda kwa mara moja, siku zikiwa nzuri.

Kanuni zilitaka wafanyakazi wachague msemaji wao. Wakamchagua yeye, kwa kelele, kabla kura hazijapigwa. Kikao cha kwanza kilikaliwa juu ya marobota, Tajiri akiwa ameketi pembeni na kalamu, tayari kuandika malalamiko.

"Lipo moja tu leo," alisema Shangazi. "Kuna mfanyakazi mgonjwa anayeingia chumba cha kupigia kila siku, anasema anakagua mashine. Daktari amemkataza. Hasikii."

Tajiri akainua kichwa. "Mimi si mfanyakazi hapa."

"Unafika wa kwanza, unaondoka wa mwisho, unakula vumbi hilohilo. Ukiwa si mfanyakazi, wewe ni nani?" Akawageukia wenzake. "Wanaotaka Tajiri asikanyage tena chumba kile wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda, yote, ya Mama Pacha ikiwa miwili. Tajiri aliwatazama mmoja mmoja, nyuso zao zikionekana vizuri mpaka mwisho wa chumba. Akaangalia kalamu, akaangalia dada yake. Kisha akaiweka kalamu chini, na taratibu, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu, akanyoosha wake.