Sahani ya Kyungu

Wifi yangu Kabange alikuwa akila sahani mbili. Simsemi kwa uchoyo, ndivyo alivyolelewa. Alizaliwa pacha, na kwetu Waluba mapacha hawapunjani: ukimpa mmoja embe, na mwenzake umpe, la sivyo aliyenyimwa hukasirika akaondoka. Pacha wake, Kyungu, aliondoka wakiwa bado wasichana wadogo, kwa surua. Mama yao akaendelea kuweka sahani mbili mbele ya Kabange, na Kabange akazila zote, ya kushoto kwa niaba ya dada yake.

Alipoolewa na mdogo wangu Ngoy, mfanyakazi wa reli hapa Kamina, alikuja na desturi yake. Watu wa kambi ya reli walimsifu Ngoy kwa kunenepesha mke. Mimi, niliyeishi nao, sikusifu kitu. Nilimsikia Kabange akihema kwa kutoka jikoni hadi uani tu.

Siku moja akazimia bombani, ndoo ikamwagika yote. Muuguzi hakumung'unya maneno.

«Citoyenne, moyo yako inachoka. Ukiendelea hivi, utakufa. Kuanzia leo bukari kidogo sana, na mafuta hapana.»

Ngoy akatia kufuli kwenye kabati la chakula, ufunguo akaniachia mimi, maana yeye hushinda relini. Nikaufunga kwenye ncha ya kitenge changu. Nilimpimia Kabange bukari, ugali wetu, ya kushibisha kuku, na majani ya kuchemsha. Sahani ya kushoto ilibaki tupu. Aliitazama tu.

Mchana mmoja, kambi imetulia, nikasikia sufuria ikikwanguliwa ndani. Nikaingia. Mlango wa kabati ulikuwa chini, umeng'olewa kwenye bawaba zake, kufuli bado limefungwa. Kabange alikuwa sakafuni, mawese hadi kwenye viwiko, anakula kwa mkono wa kushoto. Na Kabange hagusi chakula kwa mkono huo.

«Kabange!»

Akainua uso, na kwanza hakunijua. Niliogopa, nasema kweli, na mimi si mwoga.

«Si miye, yaya Phébé,» aliniambia mimi dada yake mkubwa, akiutazama mkono wake. «Ni Kyungu njo alikuwa anakulaka na mukono ya kushoto. Munamunyima, anakuja kukamata mwenyewe.»

Hofu ikanigeukia hasira. «Basi umuulize kama kweli iko na njala! Na weye ujiulize! Tangu utoto unakula tu, tumbo yako hauiulizake ata siku moja!»

Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Neno nililotupa kwa hasira, Kabange aliliokota. Kufuli, lililokwisha kushindwa kazi, tukaliondoa. Akaanza kula anachotaka, bukari, samaki wa Kinkondja, mawese, lakini polepole, mkono mmoja juu ya tumbo.

«Kabange, weye iko na njala?» Anangoja. Kisha anaigeukia sahani ya kushoto. «Na weye, Kyungu?» Tena anangoja.

Haukupita muda akaanza kuacha nusu ya sahani yake. «Nimeshiba,» alisema kwa mshangao, kama aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba yake mwenyewe. Lakini ya kushoto aliimaliza kila siku, tena kwa machozi.

«Nikiacha, yaya, ataenda kabisa.»

Hapo ndipo aliponasa. Akiendelea, moyo ungemuua; akiacha, pacha wake angeondoka mara ya pili.

Mchana mwingine nilikaa mbele yake. Akauliza, «Kyungu, iko na njala?» na bila kungoja akatia mdomoni tonge la sahani ya kushoto. Sauti ya mtoto ikajibu, karibu nasi kabisa:

«Hapana. Nilishaka shiba.»

Mdomo wa Kabange ulikuwa umejaa bukari. Nilikuwa ninamwangalia.

Akalitema tonge. «Tangu lini?»

«Tangu sahani ya kwanza ya mama.»

Kabange alilia hadi treni ya mchana ikapita. Hakula tena kutoka sahani ile.

Mwili ulipungua taratibu. Majirani walinong'ona kwamba Ngoy anamnyima chakula, nikawatukana vizuri. Kabange alikula akiona njaa, akaacha akishiba, na mawese yake yako palepale. Alirudi kutoka bombani na ndoo kichwani bila kupumzika njiani. Nilifurahi, tena sana.

Lakini aliendelea kuweka sahani mbili, ya kushoto bila kitu. Siku moja nikamkuta amekaa, mkono juu ya tumbo, ameshamaliza kula.

«Namuulizaka kila siku, yaya. Hajibu tena. Tumbo yangu tu njo inajibu.» Akavuta kitenge kilichokuwa kimemlegea kiunoni. «Sasa niko muntu moja.»

Nilichukua sahani zote mbili, nikaenda nazo uani. Ya kushoto ilikuwa safi, haijaguswa. Niliiosha hata hivyo, kwa maji yaleyale na sabuni ileile, kama ya mwenzake.