Sentensi Waliyoiruka

Kwenye kiwanda kile kikubwa cha udobi, ambako mashuka ya hospitali na hoteli huingia mafurushi mafurushi na kutoka yamenyooka, palikuwa na mwanamke waliyembandika jina la Kiguu, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia hata ndani ya chumba kisicho na pa kugeukia. Mwambie akae, atakaa. Ukigeuza shingo, keshasimama. Na wiki hiyo, jamani, ndiyo alizidi.

Sababu ilijulikana. Msimamizi wa zamu alikuwa amestaafu, na meneja akatangaza kwamba nafasi yake itakwenda kwa mmoja wa wakunja mashuka wawili, Kiguu au mwenzake Chereko. Msimamizi hakai kwenye mvuke. Ana chumba chenye dirisha, ana kiti, na kazi yake kubwa ni kuwaandikia wateja kwa Kiingereza mambo yaliyofanyika siku hiyo: mashuka yalifuliwa, foronya zilipigwa pasi, taulo zilikunjwa. Mteja hana haja ya kujua nani alifua, alisema meneja. Anataka kujua kwamba zilifuliwa. Kwa hiyo anayekitaka kiti na ajifunze kuzigeuza sentensi hizo bila kujiumauma.

Chereko alikitaka kwa sababu msimamizi hutoka mapema, naye ana watoto wadogo nyumbani. Kiguu alikitaka kwa sababu ya kifua. Alikohoa akiamka, alikohoa akicheka, na daktari hakumung'unya maneno: "Mama, ama utoke kwenye mvuke huo, ama mvuke ukutoe wewe duniani." Atoke aende wapi? Kazi nyingine hana, na hakuna aliyekuwa akimwitia nyingine.

Sasa, shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wawili husimama wakitazamana, kila mmoja kashika pembe mbili, wanalivuta mpaka linanyooka, kisha wanasogeleana hadi vidole vinagusana. Hapo ndipo walipofanyia mazoezi. Wakivuta, mmoja anarusha sentensi. Wakikutana, mwenzake anairudisha imegeuzwa.

"Somebody locked the door," Chereko anarusha. Mtu alifunga mlango.

"The door was locked," Kiguu anarudisha, pembe kwa pembe. Mlango ulifungwa.

"Ebo! Nani kakufundisha wewe?"

"Nimefundishwa na mwanamke mmoja, mdomo wake haujui kupumzika."

Tusidanganyane, Chereko alikuwa mwepesi zaidi. Sentensi ndefu ilimkata Kiguu pumzi katikati, akakohoa, na akimaliza kukohoa keshasahau alianzia wapi. Lakini Chereko hakumcheka hata siku moja kwa hilo, na huyo alikuwa mtu wa kucheka kila kitu, hata misibani ilibidi atolewe nje.

Sentensi za kitabuni ziliwaishia upesi, wakaanza kuchota za nyumbani. Mume wa Kiguu alivunja kikombe, kikombe kilivunjwa. Kitinda mimba wa Chereko alimwaga maziwa, maziwa yalimwagwa. Walicheka mpaka wa kwenye pasi wakawafokea. Na siku moja, bila kufikiri, Kiguu akarusha: "Your brothers sold the house." Kaka zako waliiuza nyumba.

Ulimi huo, wallahi! Kila mtu pale aliijua habari hiyo. Marehemu mama yake Chereko aliacha nyumba, na kaka zake wakaiuza yeye yuko wodini anajifungua. Alirudi na kichanga mkononi akakuta kufuli jipya na watu asiowajua wamekaa sebuleni kwa mama yake.

"The house..." Chereko akaanza. Akaachia pembe. Shuka safi likaanguka sakafuni, naye akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Hiyo tuiruke," akasema alipojifuta uso. "Niulize zote, mwenzangu. Hiyo sina mdomo nayo."

"Tumeiruka," akasema Kiguu, na alisema kwa moyo wake wote.

Alhamisi meneja akapita na kalamu yake sikioni. "Kesho kwenye mtihani sina haja ya kuwauliza mimi," akasema. "Nasikia nyinyi mnaulizana kutwa. Kila mmoja atampa mwenzake sentensi tatu mbele yangu. Atakayeshindwa atabaki na mashuka yake."

"Basi tumepona!" Chereko akapiga makofi. "Kama kumsukuma mlevi!"

Kiguu naye akacheka. Lakini palepale, kabla hajamaliza kucheka, sentensi ile ilimjia yenyewe, nzima nzima, wala hakuiita.

Toka hapo hakuwa na raha. Nyumbani aliteleka sufuria akaisahau, akafagia palipofagiwa, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Mama, keti basi, unanizungusha kichwa," akasema mumewe, fundi baiskeli, mtu wa taratibu.

"Si nimeketi?"

"Umeketi wapi, umesimama!"

Sitaiuliza, alijiambia. Nani alinibeba mgongoni siku niliyozimia kwenye mvuke? Si Chereko? Sitaiuliza. Kisha kikohozi kikamshika, kikamkunja kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, na alipoinua kichwa akajikuta akisema: lakini nikiiuliza? Akajichukia kwelikweli. Akachukua ufagio tena.

Ijumaa waliingia ofisini pamoja. Chereko alikaa. Kiguu aliambiwa akae, akakaa, akasimama, meneja akamwacha.

"Anza wewe," meneja akamwambia.

Akamrushia ya kwanza, ya mashuka na mashine. Chereko akairudisha kabla haijatua. Ya pili aliirefusha makusudi, akaweka foronya, hospitali na jana asubuhi, mpaka mwenyewe akakohoa. Chereko akairudisha bila kupepesa, na juu yake akatabasamu. Meneja naye akatabasamu, akaandika kitu.

Kiguu akakiona kiti kinaondoka. Nje ya mlango alisikia mashine ya mvuke ikipumua, na kifua chake kikajibana. Mdomo ukafunguka.

"Your brothers sold the house."

Chereko alimtazama. Hakumtazama kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kiguu, maana hasira angeijibu. Alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya na anangoja arudiwe.

"The house..." akasema. Akajaribu tena. "The house..."

"Ni rahisi tu hiyo," meneja akasema kwa upole, asijue lolote.

Chereko akainua pindo la sare yake akafuta macho, akatikisa kichwa. Meneja akaandika.

"Haya, zamu yako kumuuliza mwenzio."

Kiguu akajikaza. Anayeijua pumzi yake ni Chereko peke yake. Atanipa ndefu kama reli, akawaza, atanikata katikati, na aikate, ni haki yangu! Karibu aiombe.

"Somebody opened the window," akasema Chereko, sauti yake bado nzito.

Dirisha lilifunguliwa, Kiguu akajibu. Ya pili, taa iliwashwa. Ya tatu, chai ililetwa. Zote za maneno manne matano, mtoto angezijibu huku akicheza.

"Hongera," meneja akasema, akampa mkono. "Jumatatu uanze."

Kiguu alimwahi Chereko kwenye ujia, karibu amshike sare. "Mwenzangu, nisamehe. Kifua hiki... mbona hukuniuliza ngumu? Ungeniuliza ngumu tu!"

"Nilizichagua jana," akasema Chereko. Hakuwa anacheka wala kulia. "Nilikaa na wanangu nikazitafuta zilizo fupi kabisa, zisije zikakukohoza mbele ya meneja. Leo nilipokaa pale nikatafuta nyingine, haki ya Mungu nilizitafuta. Sikuwa nimeandaa nyingine."

Akasukuma mlango akaingia kwenye mvuke. Shuka lilikuwa linangoja, na binti wa kwenye pasi akaitwa aje kushika pembe za upande wa pili.