Nani Kagusa Huduma ya Ujumbe

Ukurasa wa miadi ya kliniki ulikufa asubuhi, na Bi Mkali, fundi mkuu wa programu, hakuhitaji kupiga ramli. Alimtupia jicho shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekaa dawati la pili akikoroga chai kama mtu asiye na habari. Ni yeye Bi Mkali aliyemwombea kazi hapa. Lakini tangu bosi amsifu shemeji mbele ya watu, roho yake haikutulia. Alijua tu kwamba huyu anakitaka kiti chake.

"Shemeji, jana uligusa nini?"

"Vitu vidogo tu, shem. Nilisafishasafisha."

Kusafisha! Hata mwizi anasafisha nyumba.

Bosi akachungulia mlangoni, uso umemwiva. Wagonjwa wamejaa kliniki na hakuna anayeweza kupangiwa daktari. "Nataka kumjua aliyeharibu. Leo hii anarudi kwao."

Bi Mkali alilielekezea macho dawati la pili, na bosi si mtoto, akaelewa. Akamwita shemeji ofisini kwake.

Ndipo Bi Mkali akaanza kutafuta kosa. Hukumu kwanza, ushahidi baadaye. Katika programu yao, hakuna sehemu inayojitengenezea vifaa. Ukurasa wa miadi ukitaka kumtumia mgonjwa ujumbe, unaomba stoo, na mtunza stoo, yaani programu ndogo ya kugawa vifaa, anaukabidhi kifaa. Sasa mtunza stoo alikuwa anajibu kwamba kifaa hicho hakitambui, na bila hicho ukurasa mzima hauwaki. Bi Mkali akapekua mipangilio akisaka mstari uliofutwa. Hakukuwa na kilichofutwa. Akaizima seva na kuiwasha tena, wapi! Akazidi kushuku: jamaa mjanja, kafuta nyayo.

Mwisho akafungua faili lenyewe la kifaa hicho. Juu kabisa liliandikwa HudumaYaUjumbe.

Mtunza stoo wao aliagizwa kukusanya kila kifaa ambacho jina lake linaishia na neno Huduma. Ndiyo maana siku zote waliandika kinyumenyume, UjumbeHuduma, MiadiHuduma, Kiswahili cha kutia aibu. Shemeji alikinyoosha tu. Huduma ikakaa mbele inapostahili, na mtunza stoo akaipita kama haioni.

Alirudisha jina la zamani, ukurasa ukafufuka. Furaha yake haikufika mbali. Chini ya badiliko la jana palikuwa na jina la mkaguzi aliyelipitisha, na mkaguzi huyo alikuwa yeye. Alibonyeza kukubali bila kusoma hata mstari mmoja. Aibu ikampanda mpaka masikioni, akatoka mbio.

Shemeji alikuwa anatoka kwa bosi, waya wa kompyuta yake kauzungushia mkononi, tayari kuondoka.

"Bosi, sio hujuma! Ni jina tu!" Bi Mkali alipaza sauti.

"Ameshanieleza," bosi alisema. "Nimemuuliza nani alikagua kazi yake. Anasema hakuna, aliipitisha kimyakimya."

Bi Mkali akamgeukia shemeji. Shemeji akamkonyeza, kisha akatikisa kichwa taratibu: nyamaza.

Hapo ndipo moyo ulipomuuma kweli. Tangu asubuhi alikuwa akimtafutia dhambi mtu anayemfichia yake.

"Anadanganya," alisema. "Niliikagua mimi. Niliipitisha bila kuisoma."

Bosi akawatazama wote wawili, akaelekeza kidole kwenye mlango wa kutokea.

Shemeji akashusha pumzi. "Sasa shem, tukifika nyumbani wote wawili saa hizi, kaka tunamwambia nini?"