Uzito wa Yai Moja

Kamati ya Klabu ya Vyombo Vidogo ya Skelby ilikuwa na wajumbe watano, na katika magoti yao kumi yaliyo mazima hayakuzidi matatu. Kila Jumapili asubuhi wajumbe hao walisimama kando ya bwawa la bustani ya mji, rimoti mikononi, wakiendesha meli za kubebwa kwapani kwa nyuso nzito ambazo zingewafaa majaji wa rufani. Klabu ilikubali meli za uvuvi, za kivita na za abiria. Ilikataa chombo cha aina moja tu, nacho ni nyambizi.

Clifford Thackray alikuwa na nyambizi.

Aliiunda kwa miaka mitatu katika chumba cha nyuma: nyeusi, urefu wa mita moja na ushei, ina mnara, ina usukani, ina hata ngazi ambayo mchwa angeipanda bila kuinama. Kwa miaka hiyo hiyo mitatu aliiandikia kamati barua za kuomba ruhusa, na kamati ikamjibu kwa barua za kumnyima, ingawa wote hao walikutana kila Jumapili na kugawana mikate ya mayai.

Katazo lenyewe lilikuwa na historia. Zamani nyambizi ya mwanachama mmoja ilizama isiibuke, ikabidi halmashauri ilikaushe bwawa zima. Chini zilipatikana baiskeli mbili, nyambizi yenyewe, na meno ya bandia ambayo hakuna mtu aliyeyadai. Bata walihama mwezi mzima. Mwenyekiti, Royston Birkin, aliapa kwamba balaa lile halitarudi akiwa hai, na afya yake ilikuwa njema kiasi cha kukatisha tamaa.

Mwaka huu, hata hivyo, kamati ililegea. Iliamua kwamba nyambizi ya Clifford ijaribiwe mara moja. Izame, mwenyekiti aizime rimoti, na ndani ya dakika tano iibuke yenyewe bila msaada wa mtu. Ikiibuka, nyambizi zitaruhusiwa. Isipoibuka, jambo hilo lisiletwe tena mezani kwa miaka mitano. Clifford alikuwa na miaka sabini na minne. Kwa umri huo, miaka mitano si kitu cha kumkopesha mwenyekiti.

Kila kitu kilitegemea farumi. Nyambizi ndogo ina tangi: likiwa tupu chombo kinaelea, likijaa maji kinazama karibu chote. Lakini chini kabisa tumboni lazima iwepo farumi, uzito wa kukikalisha chombo sawasawa majini. Ikipungua, nyambizi haizami ng'o. Ikizidi, haiibuki. Wenye nyambizi wana kanuni yao kwamba hata tangi likijaa pomoni, chombo kibaki chepesi kuliko maji kwa uzito wa yai moja, na injini ndiyo ikisukume chini. Siku umeme utakapokatika na rimoti kufa, yai hilo ndilo litakalokirudisha juu.

Kwa hiyo Clifford alihitaji uzito wa kilo mbili na nusu, na aliuhitaji kwa bei ya mstaafu. Risasi, ile madini nzito ya mafundi wa paa, aliiulizia, akatajiwa bei, akashukuru, akatoka dukani kinyumenyume. Neville Stubbs, rafiki yake wa tangu shule, alimshauri kwamba paa la kanisa lina risasi ya kutosha nyambizi kumi na kwamba kasisi haoni vizuri. Clifford alifikiria mchanga, akakumbuka kwamba mchanga hunywa maji. Alifikiria kokoto, lakini kokoto hujaza nafasi zikawa bado hazijafikisha uzito. Alipima hata sufuria nzito ya mkewe, akanyang'anywa.

Ndipo alipokumbuka duka la matairi. Mafundi wa matairi hubandika ukingoni mwa gurudumu vipande vya chuma ili lizunguke bila kutikisika, na tairi likibadilishwa vile vya zamani hubanduliwa na kutupwa ndooni. Vipande bapa, kila kimoja kimeandikwa gramu zake. Alipiga simu. Fundi alimwambia aje achukue ndoo nzima, bure. Neno hilo lilimwingia Clifford moyoni kama zaburi.

Lakini Ijumaa ile, siku mbili kabla ya jaribio, mikono yake ilikuwa na rangi nyeusi hadi viwikoni, na gundi ya kubandikia farumi, isiyodumu zaidi ya usiku mmoja, alikwisha kuichanganya. Mkewe, Avril, alikuwa anakwenda mjini kununua chumvi ya kuogea, ile anayoitia majini kwa ajili ya magoti. Duka la dawa na duka la matairi yalipakana. Clifford akamwomba apitie, achukue chochote watakachompa, na afanye haraka, maana gundi haimngoji mtu.

Avril alirudi saa sita kasoro, mvua imemnyeshea. Clifford aliipokea ndoo mlangoni, akauliza kama vyuma vimelowa, akapotelea nayo chumba cha nyuma.

Kujaribu farumi kulifanyika ndani ya hodhi la kuogea, kama desturi ya klabu nzima. Hakuna mke wa mwanachama Skelby ambaye hajawahi kukuta meli ya kivita mahali alipotaka kuweka miguu. Kwa Thackray kulikuwa na utaratibu wa ziada. Tangu gesi ipande bei, maji ya moto ya nyumba ile hayakumwagwa yakiwa yamefanya kazi moja tu. Avril alioga kwanza, na zamu ya pili ilikuwa ya nyambizi. Jioni ile Avril alikaa majini muda mrefu kuliko kawaida, na alipotoka maji yalikuwa yamekwisha kupoa. Clifford hakujali. Nyambizi haiugui mafua.

Alijaza tangi, akaanza kupanga vipande kimoja kimoja. Hesabu yake ya karatasi ilidai vipande mia mbili na hamsini vya gramu kumi. Hodhi lilidai zaidi. Aliongeza kimoja, viwili, vitano, hadi tisa, ndipo nyambizi ikatulia chini ya uso wa maji huku ncha ya mnara ikichungulia kwa uzito wa yai moja kamili. Alikuna kichwa. Karatasi imekosea, akasema moyoni, maji hayadanganyi. Akavibandika vyote kwa gundi ile, isiyoshika sana, akalala usingizi wa watakatifu.

Jumapili bwawa lilikuwa limetulia. Wanachama walikuja na chupa zao za chai, na wengine walivaa tai. Avril alikuja pia, lakini hakusogea ukingoni kama kawaida yake. Aliketi kwenye benchi, miguu ameinyoosha juu ya begi la nyambizi. Royston alisoma azimio la kamati kwa sauti, pamoja na tarehe na mahali pa mkutano, ingawa kila mtu aliyesikiliza alikuwapo.

Nyambizi iliondoka ukingoni ikielea vizuri. Clifford akajaza tangi kwa rimoti, akaisukuma chini kwa injini, mnara ukashuka taratibu kama bibi anayeingia kwenye maji baridi, ukatoweka. Watu wakaguna kwa kupendezwa, hata wale wa meli za uvuvi. Clifford akamkabidhi mwenyekiti rimoti. Mwenyekiti akaizima, akatoa saa yake ya mfukoni.

Dakika ya kwanza ikapita. Bata mmoja akapita juu ya mahali penyewe, akatazama chini, akaendelea na safari. Dakika ya pili Neville alifanya mzaha ambao haukuchekwa. Dakika ya tatu Clifford alisogea hadi viatu vikagusa maji. Dakika ya nne alijikuta anahesabu kitu kingine kabisa: vipande tisa, gramu tisini. Yai moja ni gramu hamsini na kitu.

"Dakika tano," alisema Royston. Hakuonyesha furaha, na hilo lilimuuma Clifford zaidi kuliko kama angeonyesha.

Rimoti iliwashwa tena. Clifford akatoa maji tangini, nyambizi ikaibuka nzima-nzima, na nyuma, kwenye usukani, ulikuwa umeshikilia uzi mmoja wa majani ya bwawani, kijani, urefu wa kidole.

Neville ndiye aliyeuona kwanza. Alitangaza kwamba chombo kimenaswa na majani, na kwamba hata nyambizi ya mfalme ingenaswa. Wanachama wakainama kuutazama uzi ule kwa heshima. Royston akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema kwamba kunaswa si kosa la chombo, na kwa mamlaka ya kiti chake jaribio litarudiwa.

Clifford alikuwa bado ameshika ule uzi. Usingeweza kumzuia hata kiluwiluwi. Akamtazama mkewe pale kwenye benchi, akamwona anasugua goti la kulia, kisha la kushoto, na kitu kikaanza kumpambazukia. Aliwaomba dakika moja, akaenda kuketi kando yake.

"Avril, juzi ulitia chumvi kiasi gani kwenye hodhi?"

"Yote."

"Yote ndiyo ngapi?"

"Paketi mbili za kilo kilo."

"Si huwa unatia kiganja kimoja tu?"

"Huwa sipandi Mlima Chapel kutoka mjini na ndoo ya vyuma, Cliff."

Maji ya chumvi hubeba zaidi. Hilo Clifford alilijua tangu utotoni, tangu siku ya kwanza alipooga baharini. Hodhi lile lilikuwa limebebeshwa bahari ndogo, nayo ikaibeba nyambizi yake, na yeye akaendelea kuijazia vyuma. Yai alilodhani amelibakiza halikuwa lake. Lilikuwa la chumvi.

"Kwa nini hukupanda basi?"

"Lilikuwa limeshapita, na gundi yako haimngoji mtu."

"Na hukuniambia."

"Hukuuliza," Avril alisema, bila hasira. "Uliuliza kama vyuma vimelowa."

Neville alikuwa ameshawafikia. Alisikia ya kutosha, na akili yake, ambayo shuleni haikuwahi kushika hesabu, safari hii ilikokotoa upesi. Akainama sikioni mwa Clifford. "Fungua kifuniko kana kwamba unasafisha majani. Bandua vile tisa, tia mfukoni. Nani atajua?"

Ilikuwa kweli. Vipande tisa vingeingia mfuko wa koti bila hata kugongana. Dakika kumi baadaye nyambizi ingeibuka yenyewe, Royston angempa mkono, na habari za majani zingesimuliwa katika klabu ile hadi wote wafukiwe. Kitu kimoja tu kisingekuwamo katika habari hiyo, nacho ni mlima.

"Magoti ya Avril yangejua," Clifford alisema.

Akarudi ukingoni akawaeleza wote: chumvi, hodhi, vipande tisa. Hakuacha kitu. Alisema majani hayana hatia, chombo hakina hatia, na fundi aliyekipima ndiye aliyepima kwa maji ambayo hakuuliza yana nini. Wanachama waliyatazama maji. Neville aliutazama ule uzi wa majani kama rafiki aliyesalitiwa.

Royston akafungua daftari la kamati, akaandika kwa mkono wa polepole kwamba jaribio limeshindwa na kwamba nyambizi hazitazama katika bwawa la Skelby kwa miaka mitano. Akaisoma sentensi yake mara mbili.

"Kanuni inakataza kuzama, kijana wangu," alimwambia Clifford, ambaye alimzidi miaka mitatu. "Kuelea sijaona palipokatazwa."

Clifford akamwambia nyambizi isiyozama ni mtumbwi wenye majivuno. Royston akajibu kwamba nusu ya klabu ndivyo walivyo. Halafu akashusha sauti, akauliza kama ile chumvi inasaidia kweli. Clifford akamwonyesha benchi. Mwenyekiti akaenda, akaketi kando ya Avril, akakunja suruali hadi gotini, na wakazungumza muda mrefu kama madaktari wawili juu ya maiti.

Alasiri ile Clifford aliipandisha ndoo juu ya mizani ya bafuni. Vyuma vilivyobaki vilikuwa na kilo kumi na nusu. Pamoja na vilivyomo kwenye nyambizi, Avril alibeba kilo kumi na tatu, na paketi zake za chumvi juu yake. Clifford ndiye aliyesema achukue chochote watakachompa, na mkewe alichukua.

Jumatatu asubuhi akaibeba ndoo kuirudisha dukani. Kuteremka Mlima Chapel hakukuwa kazi. Fundi wa matairi alimkumbuka kwa simu, akacheka, lakini ndoo akaikataa. Vyuma chakavu vikishatoka, alisema, haviruhusiwi kurudi. Akitaka avipeleke mwenyewe kwa wanunuzi, ng'ambo ya pili ya mji.

"Yule mama alikuwa mkeo?" fundi akauliza. "Nilikuwa namtazama kutoka hapa mlangoni. Kufika pale pembeni tu aliitua ndoo mara nne. Nikamkimbilia nimsaidie, akaniambia asante, ni ya nyambizi." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Nikadhani mama wa watu ana lake kichwani, nikarudi ndani."

Clifford akamwambia hakukosea sana.

Basi lilikuwa limesimama kituoni, mlango wazi, na kadi yake ya wazee, ya kusafiri bure, ilikuwa mfukoni. Alilitazama likiondoka. Kisha akainua ndoo na kuanza kupanda. Alitua mara ya kwanza penye sanduku la barua, na mara ya pili penye ukuta mfupi wa kanisa, ambapo palikuwa na duara la kutu juu ya jiwe, bado jipya, upana wa kitako cha ndoo. Akaiweka ndoo juu ya duara lile. Ikaenea kamili.

Akaketi kando yake kwanza, apumzishe magoti.