Theodosia Ndani ya Kishikwambi

Jumanne saa nne asubuhi Mzee Pankrasi alisimama kwenye kaunta ya duka la simu pale Majengo na kumwambia Muhsini, mwenye duka, ampangie vishikwambi vitatu juu ya kitambaa safi. Alikuwa amepiga picha Songea kwa miaka arobaini na miwili. Wateja wa siku hizi hawakutaka tena kufunua albamu. Walitaka kuona kazi kwenye kioo, waikuze kwa vidole viwili, ndipo waamue. Naye alitaka chombo cha kusafishia picha, maana kompyuta yake ilikuwa ikizima kabla hajamaliza sura moja.

"Shikamoo babu. Cha kuangalia taarifa ya habari?"

"Marahaba. Habari nasikiliza redioni. Mimi nataka rangi."

Alikuwa na memori kadi yake mfukoni, akafungua picha zilezile katika vishikwambi vyote vitatu. Cha kwanza kilimfanya kila bibi harusi aonekane ana homa ya manjano. Cha pili kilikuwa na rangi nzuri, lakini kalamu yake ilichelewa. Mstari ulifika mkono ukiwa umeshaondoka. Cha tatu hakikuwa na kosa. Nyeupe ilikuwa nyeupe, na ngozi ya mtu mweusi haikugeuka majivu. Katika hicho cha tatu alifungua picha ya harusi ya Bartolomeo, kazi aliyojivunia kuliko zote mwaka huo, akakuta bibi harusi, Theodosia, amerudi mahali pake.

Alikuwa amemfuta mwezi wa pili. Bartolomeo alipofariki, mdogo wake Leonce alileta studio picha ya zamani ya harusi, aliyoipiga Pankrasi mwenyewe, kwa sababu ni siku hiyo tu marehemu aliwahi kuvaa suti, na ukoo ulitaka picha ya suti itangulie mbele ya jeneza. Leonce aliomba bibi harusi aondolewe, wabaki Bartolomeo na ndugu zake watatu. Mkono wa Theodosia ulikuwa umeshika kiwiko cha mumewe. Kuutoa mkono huo na kuirudisha mikunjo ya suti kulimchukua Pankrasi siku nzima. Sehemu iliyobaki wazi aliijaza pazia.

Sasa Theodosia alisimama mbele ya pazia hilo, bila gauni la harusi. Alivaa kitenge na sweta la kijani, na mkononi alishika fungu la majani ya maboga.

Muhsini aliinama kuangalia. "Huyu mama si nimepishana naye sokoni asubuhi hii? Na majani yake hayohayo."

"Ndiye."

"Basi kioo kizima, babu. Hakifichi kitu."

Pankrasi alimfuta kwa kalamu. Alipoinua mkono, Theodosia alikuwa amerudi, na majani ameyahamishia mkono wa kushoto. Katika vile viwili vingine hakuwepo. Mzee aliuliza betri inakaa saa ngapi na dhamana ni ya muda gani, akanunua cha tatu.

Alhamisi Theodosia mwenyewe alikuja studio.

"Shikamoo baba. Nimesikia nipo kwako."

"Marahaba. Upo."

"Hebu nijione." Alijitazama kwa muda mrefu, na yule wa kwenye picha akamtazama. "Kumbe sweta limechakaa hivi, na watu wananyamaza tu."

Kisha akasema kilichomleta. Jumamosi kulikuwa na kikao cha ukoo kuhusu nyumba iliyoko Mshangano, ile aliyoijenga na Bartolomeo kwa matofali waliyofyatua wenyewe. Ndoa yao ilikuwa ya kimila. Washenga wote wawili walikuwa wamekufa, na nakala pekee ya picha ya harusi ilikuwa ile aliyoichukua Leonce, ambayo haikuonekana tena. Leonce alikuwa akisema kaka yake hakuwahi kuoa.

"Uje nacho hicho kioo. Na useme kwa mdomo wako ulichofanya."

"Nitakuja nacho," alisema Pankrasi.

Ijumaa alijaribu kuichapa picha hiyo kutoka kwenye kishikwambi. Karatasi ilitoka na wanaume wanne na pazia.

Kwenye kikao walikuwepo watu ishirini. Mwenyekiti, Mzee Beda, aliweka mezani picha iliyotangulia jeneza, yenye muhuri wa studio nyuma yake.

"Bwana Pankrasi, hii ni kazi yako?"

Pankrasi aliigeuzia dirishani. Hata yeye hakuona tena mahali ulipokuwa mkono wa Theodosia.

"Ni yangu."

"Iko sawasawa, au kuna mahali pamechezewa?"

Jane, mpwa wa marehemu Bartolomeo, ambaye ni mwalimu, aliisogeza karibu na macho. "Mimi sioni kasoro, labda mwenyewe atuambie."

Theodosia alimtazama Pankrasi. Watu wote walimtazama.

"Picha yenye kasoro haitoki studio kwangu," alisema.

Kishikwambi kilizungushwa kutoka mkono hadi mkono. Theodosia alionekana ndani yake akiwa na sweta lilelile alilovaa pale kwenye mkeka, na kila aliyekishika alimwamkia. Mzee Beda alivaa miwani, akaangalia vizuri.

"Tunakuona, mama. Hakuna asiyekuona hapa. Ila muhtasari unakwenda na karatasi, na kwenye karatasi wewe humo."

Katibu aliandika kwamba marehemu hakuacha mjane. Walitia sahihi mmoja mmoja, wote wakiwa wamekula ugali wa Theodosia siku nne za msiba.

Jumatatu kufuli ya nyumba ilibadilishwa. Jioni Theodosia alifika studio na godoro, sufuria mbili, ndoo na jembe, akauliza aingilie wapi.

"Pitia kwenye harusi," alisema Pankrasi. "Ndiko unakojulikana."

Aliingia ndani ya kioo, akalivuta godoro nyuma yake. Baada ya wiki alikuwa ameenea katika kazi zote za mzee. Alilala kwenye ukumbi wa mahafali kwa sababu ulikuwa na zulia, na mboga alianika kwenye ngazi za kanisa, jubilei ya masista ikiendelea.

"Babu," aliuliza kijana mmoja aliyekuja na mchumba wake, "huyu mama anayepeta mahindi nyuma ya keki yumo kwenye bei?"

"Hayumo."

"Basi sawa."

Ilipofika zamu ya Theodosia ya kupokea sala za jumuiya ya kanisani, akina mama kumi na wawili walikuja studio wakiongozwa na Dorine, wakakizunguka kishikwambi na rozari zao. Theodosia aliitikia kutoka kwenye picha, akichelewa kidogo. Waliombea wajane wote. Wakati wa kuondoka Theodosia alimwuliza Dorine kama jumuiya ingeweza kumwona Mzee Beda.

"Mambo ya nyumba ni ya ukoo, dada," alisema Dorine, na kumtakia usiku mwema.

Pankrasi aliandika barua ya kwenda mahakamani. Aliandika kwa hati nzuri kwamba yeye ndiye aliyepiga picha ile, na kwamba yeye ndiye aliyeiharibu. Aliisoma mara tatu. Akakata neno "aliyeiharibu", akaandika "aliyeirekebisha". Kisha akaiweka kwenye droo.

Mwezi wa nane, baridi ikiwa bado kali, Leonce alikuja. Alitaka picha kubwa ya familia yake mbele ya nyumba ya Mshangano, iliyokuwa imepakwa rangi mpya. Pankrasi alimpa kishikwambi achague mtindo wa fremu. Leonce alipitisha kidole, harusi moja baada ya nyingine, mpaka alipomfikia Theodosia akifua.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Paa mmeziba? Lilikuwa linavuja juu ya jiko."

"Tumeziba."

"Afadhali."

Theodosia alisogeza ndoo yake ili Leonce azione vizuri fremu zilizotundikwa ukutani nyuma yake mle pichani. Leonce alichagua ya dhahabu.