Sungura Mwenye Jina la Susu

Jumamosi ya nyoka ilikuwa kama sikukuu kwa shamba letu la makonge, huko kati ya Thika na Ruiru. Watu wakitoka kazi saa sita, hawaendi nyumbani, wanakimbia kwa Bwana, mzungu mwenye shamba, kuangalia chatu yake ikikula.

Baba yangu, Mbuvi, ambaye kwa Kikamba namwita Nau, ndiye alikuwa anachunga hiyo chatu ndani ya nyumba yake ya waya. Kila wiki mbili ilikuwa inapewa sungura mzima, mwenye pumzi. "Kitu imekufa haigusi," Baba alikuwa anasema. Na sungura walikuwa wanatoka kwa boksi langu.

Watatu walikuwa wameshaenda. Sungura hana sauti, unajua, hata ukimshika vibaya. Lakini yule wa tatu, dume, alilia. Alilia kama mtoto, na watu wakapiga makofi. Mimi nikajificha nyuma ya jikoni. Mimi siongei mbele ya watu. Hata kwa shule, mwalimu akiniuliza kitu najua, naangalia tu viatu vyake.

Akabaki mmoja, jike wa kijivu. Nilikuwa namwita Ngina, jina la susu, yule nyanya aliyemzaa mama yangu, kwa sababu alikuwa anatafuna polepole kama yeye, halafu anajipangusa mdomo. Namwita kwa siri, nikimpa majani. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Sasa Jumamosi hiyo Bwana ameleta wageni kutoka Ruiru, memsahib wawili, wanawake wa kizungu, na kamera. Watu wamejaa mpaka wengine wako juu ya lori. Halafu namwona Baba anakuja, ameshika Ngina kwa ngozi ya shingo, miguu inapiga hewa.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Nau! Baba! Huyo ni Ngina!"

Baba akasimama. "Nani?"

"Ngina. Nilimpa jina ya susu."

Wee! Kwetu Wakamba mtu hamkaribii mama mkwe wake. Baba akiona susu anakuja kwa njia, anaingia kwa majani mpaka apite. Jina lake hajalitaja tangu aoe. Na sasa amemshika shingo!

Mkono wa Baba ukafunguka kama umechomwa. Sungura puu, chini, akapita katikati ya memsahib, akaingia chini ya lori. Baba akageuka, akajifunika macho na kofia.

Salehe, dereva wa lori, alikuwa karibu aanguke kwa kicheko. "Wallahi, Mbuvi! Mama mkwe ulikuwa unampeleka wapi hivyo?"

"Nyamaza, Salehe!"

"Mwite basi arudi! Mwite kwa jina!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Bwana peke yake hakucheka.

"Mbuvi! Lete sungura!"

"Bwana, huyo siwezi."

"Kwa nini hapana weza?"

Baba akajibu chini ya kofia. "Huyo ni... mkubwa yangu, Bwana."

"Salehe! Wewe kamata!"

Salehe akaanza kuingia chini ya lori, na mimi nikajua Ngina ameisha. Nikasema, "Bwana, ngoja kidogo!" Mimi! Kwa Bwana! Na kabla hajajibu nikakimbia.

Maana kuna kitu nilikuwa nimeona. Baba akiweka karai ya maji moto karibu na waya, nyoka inageuza kichwa, inafuata ile joto. Nikaenda kwa stoo ya mahindi, nikatoa panya mkubwa kwa mtego, amekufa tangu asubuhi. Nikamtumbukiza kwa maji moto ya jikoni, nikampangusa, nikamsugua na nyasi ya boksi la Ngina apate harufu ya sungura. Nikamfunga kamba ya makonge. Nikarudi mbio, nikamshusha ndani ya waya.

Nyoka ikalala tu.

"Si nilisema?" Baba akanong'ona, bado amegeuka.

Nikavuta kamba kidogo. Panya akaruka kama yuko hai. Ulimi wa nyoka ukatoka. Nikavuta tena. Pa! Nyoka ikamdaka, kamba ikaniponyoka kwa vidole! Watu wakapiga kelele, memsahib mmoja akaangusha kamera, mimi nikaruka juu nikicheka kama mwenda wazimu. Na pale ndani hakuna kitu kililia.

"Mzuri," Bwana akasema. "Sasa kila mara panya."

Tukienda nyumbani, Ngina nimembeba kwa gauni, Baba anatembea upande ule mwingine wa njia, mbali na sisi.

"Wayua. Wale watatu hukuwapa majina?"

"Hapana, Nau."

Baba akavuta kofia chini. "Ungewapa."

Mwezi uliofuata Ngina akazaa watoto saba. Hata hawajafungua macho, Baba akaja akasimama mlangoni, akiangalia ukuta.

"Hao umeshawapa majina?"

"Bado."

"Wape leo," akasema. "Wote ya upande wa mama yako."